Maua ya Mvua ya Kupandia: Mwongozo wa Kutembea kwa Miguu Kibiti na Delta ya Rufiji

Ukitaka kuiona Kibiti kwa miguu, usisubiri masika yaishe na ardhi ikauke. Nenda vuli inapoanza, kati ya mwisho wa Oktoba na katikati ya Desemba, wiki moja au mbili baada ya mvua ya kwanza ya kupandia. Najua ushauri huu unakwenda kinyume na ule wanaopewa wageni wengi wa kusini, ambao huambiwa waje Juni hadi Oktoba, njia zikiwa kavu na wanyama wamekusanyika penye maji. Kwa anayefuata tembo katika Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, ushauri huo ni sahihi. Lakini mtu anayetaka kutembea kwenye miombo na vichaka vya kichanga baina ya Bungu, Kibiti na Nyamisati, macho yake yakiwa kwenye mimea, akiufuata ataikosa sehemu nzuri kuliko zote za mwaka, pale ambapo maua hutangulia majani na hutangulia hata nyasi.

Sababu iko chini ya udongo. Mimea mingi inayochanua mapema hapa haitegemei mvua ya mwaka huu. Inatumia mvua ya mwaka uliopita. Wakati wa masika majani yake hutengeneza chakula na kukishusha kwenye tunguu au kiazi kilichozama ardhini. Kipupwe kikiingia majani hunyauka, na kwa miezi kadhaa mmea hauonekani kabisa, lakini akiba imo, kama mpunga uliofungiwa ghalani. Ndiyo maana mvua ya siku mbili tatu, ambayo haitoshi hata kuotesha mahindi, inatosha kulitoa ua nje. Na mmea una faida ya kufanya haraka. Nyasi zimeungua au zimeliwa na mifugo, kwa hiyo ua lisilofika hata magotini linaonekana na mdudu kutoka mbali. Miombo haijakamilisha majani yake, kwa hiyo jua linafika chini. Mbegu nazo zitadondoka zikiwa na masika yote mbele yake. Ua la mwanzo wa vuli limeundwa na ukavu kwa kiasi kilekile lilivyoundwa na mvua, na anayekuja Mei, nyasi zikiwa zimempita kichwa, hawezi kuliona jambo hilo.

Mmea ulio rahisi kuutambua ni ule ambao wataalamu wanauita Scadoxus multiflorus. Utafute penye kivuli cha kichaka au ubavuni mwa kichuguu cha mchwa. Bua moja nene hutoka ardhini, mara nyingi bila jani lolote, na juu yake hufunguka mpira mwekundu unaoonekana hata ukiwa mbali. Chuchumaa uutazame kwa karibu. Kile ulichodhani ni ua moja ni mkusanyiko wa maua madogo, pengine zaidi ya mia, kila moja limesimama juu ya kikonyo chake, lina petali sita nyembamba na nyuzi sita ndefu zilizochomoza nje, zikibeba chavua ya njano kwenye ncha. Siku chache baadaye mpira huo hufifia na majani mapana huchukua nafasi. Mwingine wa kuutafuta ni Siphonochilus kirkii, ndugu wa tangawizi, wenye ua la waridi linaloelekea zambarau na alama ya njano kooni. Jina la pili linatokana na John Kirk, balozi wa Uingereza Zanzibar katika karne ya 19, ambaye alikuwa pia mtaalamu wa mimea. Jina lake limo vilevile kwenye aina moja ya mbungo, mtambaazi ambao utomvu wake uliuzwa nje ya pwani hii kama mpira kabla ya mashamba ya mpira kuenea duniani, na ambao leo tunaupenda kwa juisi ya mabungo. Desemba inapoingia, angalia juu ya vichaka: Gloriosa superba hupanda kwa kujishika na ncha za majani yake, ambazo hujiviringisha kwenye tawi lolote lililo karibu, na petali zake nyekundu zenye kingo za njano hukunjwa nyuma.

Tazama, nusa, piga picha, lakini usionje. Gloriosa ina sumu kuanzia kiazi hadi ua, na katika nchi nyingine watu wamekufa baada ya kukidhania kiazi chake kuwa kiazi kikuu. Scadoxus nayo ina sumu. Wenyeji wa Rufiji na Umatumbini wanakula ndiga, kiazi kikuu cha mwituni, wakati wa njaa, lakini ndiga mbichi ni sumu, na wanaoila wanajua namna ya kuikatakata na kuiloweka mpaka ukali wake utoke. Ujuzi huo umerithishwa nyumba kwa nyumba. Mgeni haupati kwa kuchungulia.

Mtu atauliza: je, vuli isiposhika? Swali ni la haki. Kibiti iko kusini mwa ukanda wa pwani wenye misimu miwili ya mvua. Ukishuka Lindi, mvua ni msimu mmoja. Mahali pa mpakani namna hii vuli husitasita, na iko miaka ambayo haina nguvu kabisa. Hata hivyo safari haiharibiki, kwa sababu miti mikubwa ya hapa haisubiri mvua. Mizizi yake inafikia unyevu wa chini, na mingi kati yake huanza kuchanua au kutoa majani mapya wiki kadhaa kabla ya tone la kwanza. Mninga hujaa maua ya njano ukiwa bado mtupu. Mkongo hutoa ua lenye petali moja tu kubwa, nyekundu, na chozi, yule ndege mdogo mwenye mdomo uliopinda, huwa na shughuli nyingi kwenye miti yenye maua msimu huo. Majani machanga ya miombo hutoka yakiwa mekundu na ya rangi ya shaba, kiasi kwamba mgeni hudhani ameona msitu uliochanua. Mbuyu nao hufungua maua yake meupe jioni, yakining'inia kichwa chini, ili popo wayatembelee usiku. Kesho yake yameshaanguka na kugeuka kahawia. Ukipata mbuyu wenye matumba makubwa, kaa chini yake tangu saa kumi na moja na nusu jioni. Petali hufunguka mbele ya macho yako.

Kuhusu siku ya kwenda, usitegemee kalenda peke yake. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutoa mwelekeo wa vuli kabla msimu haujaanza. Usome, hasa mwaka wa El Niño, kwa kuwa El Niño huongeza mvua za vuli Afrika Mashariki, kama ilivyotokea 1997 na 2023. Mwaka wa namna hiyo kawia kidogo au fupisha njia. Lakini mvua za vuli hunyesha kwa kuchagua: kijiji kimoja kimelowa, cha jirani kinatazama mawingu tu. Kwa hiyo chombo bora kuliko vyote ni simu. Mpigie mwenyeji aliyeko hukohuko na umuulize kama watu wameanza kupanda. Wakianza kupanda, hesabu siku saba, kisha panda basi la kusini pale Mbagala Rangi Tatu. Kibiti ni yapata kilomita 140 kutoka Dar es Salaam, zote lami.

Ukishafika, jifunze kuchagua udongo kabla ya kuchagua njia. Miinuko ya Kibiti ni kichanga. Maji huzama mara moja, na saa moja baada ya mvua unatembea bila kubeba matope kwenye buti. Bonde la Rufiji ni mfinyanzi uliotandazwa na mafuriko, nao ukilowa unashika mguu na kuugandia. Mvua ikinyesha usiku, asubuhi yake tembea juu ya kichanga. Ikipita siku mbili za jua, ndipo ushuke kuelekea bondeni, ambako kwenye maziwa madogo kama Zumbi, Ruwe na Utunge yungiyungi hutandaza majani yake juu ya maji.

Kabla ya hatua ya kwanza, nenda ofisi ya kijiji. Msalimie mwenyekiti au mtendaji, mwambie unatoka wapi na unakwenda kuangalia nini, na uombe mtu wa kukuongoza. Usilichukue jambo hili kuwa adabu tu. Kati ya mwaka 2015 na 2017 Kibiti, Rufiji na Mkuranga zilipita katika kipindi kichungu cha mauaji ya viongozi wa vijiji na askari. Aprili 2017 askari polisi 8 waliuawa katika shambulio moja eneo la Jaribu. Hali imetulia, watu wanalima na kusafiri, lakini kijiji kilichopitia hayo kina haki ya kutaka kujua mgeni anayezunguka porini na mkoba mgongoni anatafuta nini. Ukiingia msitu wa hifadhi, pamoja na mikoko yote ya delta, unahitaji pia ruhusa ya Wakala wa Huduma za Misitu, TFS. Omba mapema, kwa maandishi.

Hoja inayosikika zaidi dhidi ya kutembea wakati wa mvua ni hatari: nyoka, simba, malaria. Sizidharau hata moja, ila zikichunguzwa zinaunga mkono vuli kuliko zinavyoipinga. Nyoka wa kuogopwa njiani ni kifutu, ambaye hakimbii. Hulala tuli na kuuma anapokanyagwa. Kinga dhidi yake ni kuona unapoweka mguu, na hakuna wakati ardhi inaonekana vizuri kama mwanzo wa vuli, majani ya nyasi yakiwa ndiyo kwanza yanachipua. Baada ya masika nyasi zimefunga njia, kupe wamejaa, na upupu unaelekea kukomaa. Aliyewahi kupukutikiwa na upupu shingoni hahitaji kuelezwa zaidi. Simba nao wana takwimu zao. Utafiti wa Craig Packer na wenzake, uliochapishwa 2005 katika jarida la Nature, ulionesha kwamba tangu 1990 simba walikuwa wameua watu zaidi ya 560 nchini, Rufiji ikiwa miongoni mwa sehemu zilizoumia sana, na kwamba mashambulio yalizidi msimu wa mavuno, Machi hadi Mei. Chanzo kilikuwa nguruwe pori: wanafuata mazao, simba wanawafuata wao, na mkulima yuko palepale shambani, amelala kwenye dungu akilinda mpunga wake. Novemba hakuna mavuno yanayoleta mkutano huo. Bado, usitembee alfajiri ya giza wala baada ya Magharibi bila kuwa karibu na nyumba za watu. Ule mbuyu wa jioni uwe wa kijijini. Malaria ipo mwaka mzima. Lala ndani ya chandarua na uvae mikono mirefu jua likizama. Mwenzako akiumwa na nyoka, msimkate wala kumfunga kamba ya kukaza. Mvueni pete na viatu, kiungo kisitikiswe, mpelekeni hospitali. Hospitali ya Mchukwi iko wilayani. Uliza kabla ya safari kama dawa ya sumu ya nyoka ipo siku hizo.

Iko hatari moja ambayo vuli inaizidisha kweli, na mwongozo usioisema haufai. Mwezi wa kumi na wa kumi na moja Mto Rufiji na maziwa yake huwa katika kina cha chini kuliko wakati wote wa mwaka. Viboko na mamba hawana pa kutawanyika; wamebanwa katika maji yaliyosalia, na ukingo ambao Aprili ulikuwa mita nyingi ndani ya mafuriko sasa ndio njia yao. Usishuke kuchota maji wala kupiga picha za yungiyungi ukiwa kwenye tope la ukingoni. Simama juu, penye miti, mahali ambapo mwenyeji amesimama kwanza. Ukitaka kuwa karibu na maji, afadhali uende delta yenyewe kwa mtumbwi au boti kutoka Nyamisati, pamoja na nahodha wa hapohapo. Delta ya Rufiji ina zaidi ya hekta 50,000 za mikoko, ambayo ni mingi kuliko delta nyingine yoyote ya Afrika Mashariki, na tangu 2004 imo katika eneo la Ramsar la Rufiji, Mafia na Kilwa. Hapa kinachoamua ratiba ni kujaa na kupwa. Wakati wa bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji hupanda sana na kushuka sana. Mkipwelewa kwenye kijito mtakaa juu ya tope hadi maji yarudi. Mwachie nahodha apange saa. Muombe akuoneshe mlilana, ambao ua lake hufunguka usiku na kumwaga nyuzi zake chini kufikia asubuhi, na mkomafi wenye matunda makubwa ya mviringo. Waliokulia delta wanajua mti kwa kazi yake: upi wa boriti, upi wa mtumbwi, upi wa kuni. Maelezo hayo ni sehemu ya matembezi.

Mwendo uwe wa polepole na njia iwe fupi. Katika latitudo ya Kibiti jua hupita wima kichwani katikati ya Oktoba, na Novemba joto bado ni kali, unyevu ukiwa umeshaongezeka. Toka saa kumi na mbili na nusu asubuhi, urudi saa nne. Kilomita 5 zinatosha kabisa, kwa sababu kinachotafutwa kiko chini ya magoti, na anayekimbiza umbali anayapita maua huku akitazama mbele. Vaa buti zinazofunika kifundo, suruali ndefu, na uwe na kanga au shuka jepesi. Linafunika kichwa wakati wa manyunyu na linakuwa la kukalia. Beba maji lita tatu kwa mtu. Chakula hakina shida, kwa kuwa ni msimu wa embe, na korosho mpya zipo. Radi ikianza kunguruma, acha miti mirefu iliyosimama peke yake na urudi kijijini. Mvua hizo hupita.

Wengine watasema kwamba mwenye hamu ya maua aende Kitulo, kule Nyanda za Juu Kusini, hifadhi ya taifa tangu 2005, ambako uwanda mzima huchanua. Aende, ni pazuri sana. Lakini Kitulo ni nyasi za baridi zaidi ya mita 2,500 juu ya usawa wa bahari, na maua yake hayasemi chochote kuhusu namna mmea unavyovumilia kiangazi cha pwani. Wingi ni raha ya aina moja. Kuutafuta mmea mmoja mmoja chini ya kichaka na kuelewa kwa nini umetokea leo ni raha nyingine, na inadumu zaidi. Hoja nzito zaidi ni ya mkulima: Novemba ghala linaelekea kwisha, kila mkono uko shambani, na wewe umekuja kutazama maua. Jibu lake liwe kwa vitendo. Elewana na mwongozaji kabla, umlipe ujira wa siku nzima hata kama mmetembea asubuhi tu, kwa sababu umemtoa katika siku ya kupanda. Nunua chakula kijijini. Usikatize shamba lililopandwa hata kama halionekani limepandwa, uliza. Na mzee anayepalilia umpe shikamoo yake kabla ya kumuuliza jina la ua.

Jambo la mwisho katika kutembea ni kutochimba. Tunguu linalong'olewa limebeba akiba ya miaka, na likipandwa bustanini Dar es Salaam mara nyingi huoza. Afrika Kusini, ndugu wa ile tangawizi-mwitu, Siphonochilus aethiopicus, alichimbwa kwa ajili ya dawa za asili hadi akatoweka porini katika KwaZulu-Natal. Kibiti haijafika huko, ingawa mkaa wa Dar es Salaam na mashamba mapya ya ufuta vinaipunguza misitu, na tunguu linalopenda kivuli halidumu kwenye shamba la jua kali. Kilichopo sasa kimeandikwa kidogo mno kulingana na thamani yake. Kule Kyoto, Japani, tarehe za kuchanua kwa miti ya cheri zimehifadhiwa tangu karne ya 9, na wanasayansi wanazitumia leo kupima mabadiliko ya hali ya hewa. Hapa vuli inayumba, na tangu Desemba 2022, Bwawa la Julius Nyerere lilipoanza kujazwa, mwenendo wa maji ya bonde nao unabadilika. Kwa hiyo chukua daftari. Andika tarehe, jina la kijiji, aina ya udongo, mvua ilinyesha lini, ua lilikuwaje, na wenyeji wanaliitaje, kwa Kiswahili na kwa Kindengereko. Nakala moja iache ofisi ya kijiji au shule ya msingi ya hapo, na picha mtumie mwongozaji wako. Fanya hivyo hata kama ulichokiona ni ua moja.